Jaketi okozi la kujijaza hewa: uzoefu wangu kwenye maji ya Mwanza

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila nikilivaa pale Kirumba. Lilinitoka zaidi ya laki tatu na nusu, ukiweka na gharama ya kuliagiza. Kwa hela hiyo unanunua majaketi ya foamu ya kuwatosha watu wa boti nzima ndogo. Wakisikia hivyo wengi wanaguna na kuondoka. Mimi sijutii, lakini sio kila mtu ningemshauri anunue, na sababu zake nitazieleza.

Nina boti ndogo ya faiba yenye injini ya nguvu ya farasi 15, ile ya kushika mkono kwa nyuma. Siyo ya biashara. Wikiendi natembeza ndugu na marafiki: tunazunguka Saanane, tunapita karibu na Jiwe la Bismarck wageni wapige picha, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 kila anayekuja anataka kuliona kutoka majini. Mara mojamoja tunatoka Kayenze tunakwenda visiwani kuvua sangara kwa fimbo, safari ambazo zinaanza kabla hakujapambazuka.

Kilichonifanya nitafute jaketi la namna hii ni joto. Jaketi la foamu saa saba mchana kwenye ghuba yetu ni adhabu. Linabana kifua, ukikaa linapanda mpaka kidevuni, jasho linatiririka. Matokeo yake mnayajua. Watu wanavaa wakati wa kupanda, afisa akiwa anahesabu vichwa na majaketi pale mwaloni, boti ikishasogea kidogo wanavua na kuyakalia. Chombo kikipinduka hakuna anayepata nafasi ya kulitafuta jaketi chini ya benchi. Mji huu hauhitaji kusimuliwa habari hizo. Makaburi ya MV Bukoba yapo Igoma tangu Mei 1996, na Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebakiza mita chache tu kufika gati la Ukara.

Hili la hewa ni ukanda mwembamba wa kitambaa kigumu unaopita nyuma ya shingo na kushuka kifuani pande zote mbili, unafungwa kiunoni kwa klipu ya chuma. Ukilivaa kwa nusu saa unasahau kama unalo. Naendesha nalo, natupa ndoano nalo, nainama kuvuta nanga nalo. Kwangu hilo peke yake limelipa nusu ya bei, kwa sababu silivui mpaka nimefunga kamba ufukweni.

Ndani ya kile kitambaa kuna mfuko wa hewa uliokunjwa, kimtungi cha chuma chenye gramu 33 za kaboni dayoksaidi, na kichwa cha kufyatulia. Ndani ya kichwa hicho kuna springi iliyobanwa na kidonge kinachoyeyuka kikilowa. Ukidumbukia, maji yanaingia, kidonge kinalegea, springi inaachia, sindano inatoboa kimtungi. Ukitaka mwenyewe, kuna kamba nyekundu inaning'inia ubavuni, unaivuta inafyatuka. Na vyote viwili vikigoma kuna mrija wa kupuliza kwa mdomo karibu na bega. Nguvu yake ni niutoni 150, yaani linanyanyua uzito wa kama kilo 15. Msishtuke kwamba hizo ni kidogo kuliko kilo zenu: mwili ukiwa majini unakuwa mwepesi sana, kinachotakiwa ni kuinua kichwa na mabega tu. Majaketi mengi ya foamu ya boti ni niutoni 100, na vile vizibao vya watu wa kayaki ni 50, ambavyo vinamfaa anayejua kuogelea na yuko karibu na nchi kavu.

Nililijaribu kwa makusudi. Sikuwa tayari kuliamini kwa maneno ya kwenye boksi. Tulisimamisha boti nje kabisa ya Luchelele, mbali na matete, kwa sababu konokono wa kichocho wanakaa kwenye majani ya ufukweni na sina hamu ya kurudi kumeza vidonge vya kichocho. Nikaruka na nguo zangu zote. Kwa sekunde mbili tatu hakuna kitu, unashuka, unaanza kufikiria ile laki tatu na nusu. Halafu ukasikika mlio mkali wa gesi masikioni, shingo ikabanwa ghafla, na nikajikuta nimelazwa chali, uso juu, bila kufanya lolote. Kugeuzwa huko ndiko unakolipia. Mtu aliyegongwa na ubao akazimia, foamu ya bei rahisi inaweza kumwacha akielea kifudifudi.

Sasa mambo ambayo muuzaji hakuyasema. La kwanza, mkanda wa kupita katikati ya miguu unauzwa peke yake, na bila huo jaketi likijaa linapanda mpaka kwenye masikio, kidevu kinazama. Nunueni na huo mkanda, msifanye ubahili. La pili, huwezi tena kuogelea kwa tumbo. Unapiga miguu ukiwa chali, taratibu. La tatu, kupanda botini ukiwa na lile puto kifuani ni kazi kubwa. Nilining'inia pembeni huku msaidizi wangu akinivuta kwa mkanda na kucheka, mpaka nikapunguza hewa kidogo kwa kubonyeza kivalvu kilichopo ndani ya mdomo wa mrija. Tangu siku hiyo nina ngazi ya kamba yenye vipago vitatu imefungwa nyuma ya boti. Ni kamba na mbao tu, fundi yeyote anakutengenezea.

Halafu kuna suala la vidonge. Jaketi liliponifikia, kidonge kilikuwa kimeshapitwa na tarehe. Tarehe imechapwa pembeni kwa herufi ndogo, na duka la mtandaoni lililoniuzia, ambalo silitaji, lilikuwa limeandika "jipya kabisa". Kitambaa kipya, kweli; kidonge cha zamani. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka mitatu hata kama jaketi halijawahi kuguswa na maji, na ukishalifyatua lazima ununue kidonge na kimtungi kipya kwa pamoja. Seti hiyo ilinigharimu karibu theluthi ya bei ya jaketi. Niliwalalamikia, wakanijibu kwa adabu nyingi na hela sikurudishiwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa dai picha ya ile tarehe.

Unyevu nao ni adui. Rafiki yangu wa Igombe alilitupia la kwake kwenye buti la gari juu ya kamba mbichi na ndoo ya chambo, wakiwa barabarani likafyatuka. Mke wake alidhani tairi limepasuka. Masika kama Machi hadi Mei mimi nalitundika ndani ya nyumba kwenye henga, sehemu yenye hewa, siyo stoo. Ipo aina nyingine ya kifyatulio, ile ya Hammar ya Uswidi, ambayo haitumii kidonge cha kulowa peke yake. Inasubiri mgandamizo wa maji ya kina cha kama sentimita 10 ndipo iachie, kwa hiyo mvua na mawimbi ya kurukia havifanyi kitu, na inakaa miaka mitano. Bei iko juu zaidi. Ningekuwa na safari nyingi za usiku ningechukua hiyo.

Kila kabla ya safari nafanya ukaguzi ambao hauchukui muda. Natazama kidirisha cha kwenye kichwa cha kufyatulia kama ni cha kijani. Kikiwa chekundu maana yake limeshafyatuka au halijafungwa sawasawa. Nafungua zipu, nakaza kimtungi kwa mkono, kwa sababu mtikisiko wa injini unakilegeza taratibu na kikilegea sindano haifiki. Mara chache kwa mwaka nalipuliza kwa mdomo na kuliacha limejaa usiku kucha. Asubuhi likiwa limenywea, ujue limetoboka. Kimtungi kimechongwa uzito wake mzima ubavuni kwa gramu, na hapa Mwanza tuna bahati: nakipeleka kwa sonara, mjini mizani za dhahabu hazikosekani. Sonara wangu mara ya kwanza alikigeuzageuza, akasoma namba, akaniuliza, "Kaka, hii ni madini gani tena?" Kikisoma pungufu ya kilichochongwa, gesi imevuja, unatupa.

Swali zuri kuliko yote niliulizwa na mama mmoja muuza dagaa tuliyempa lifti kutoka Bezi.

"Baba, na hiki kitambaa ndicho boya lako?"

"Ndiyo, mama. Linajaa lenyewe."

"Na lisipojaa?"

Nikamwonyesha kamba, nikamwonyesha mrija. Akatikisa kichwa, akalikumbatia lake la foamu. "Basi wewe baki na lako. Mimi hili naliona limeshajaa."

Hakukosea. Asiyejua kuogelea, na wengi wa abiria wangu hawajui pamoja na kuzaliwa pembeni ya ziwa, akidondoka anapata kiwewe. Hizo sekunde mbili tatu za kushuka ni ndefu sana kwake, na kamba nyekundu hataikumbuka. Aina ya kuvuta kwa mkono tu, ambayo ni rahisi na haina kidonge, simpi mgeni kabisa. Watoto vilevile: wanavaa foamu yenye ukosi wa kuinua kichwa na mkanda wa katikati ya miguu, saizi ya kilo zao, siyo la mtu mzima lililokazwa kwa kamba. Na foamu yenyewe muibonyeze dukani. Yapo yanauzwa yana kitambaa kizuri cha machungwa na kamba za kung'aa, ndani ni sponji ya godoro. Sponji inakunywa maji.

Vifaa vingine nilivyonunua kwenye mzigo ule ule havina mengi. Mfuko wa simu usiopitisha maji ni elfu kumi iliyotumika vizuri, unaelea, lakini kioo kikilowa simu haisikii kidole, kwa hiyo namba za muhimu weka kwenye kitufe cha kupiga haraka. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi 112. Redio ya mkononi ya VHF, wati 5, ni nzuri kwa meli na vivuko vinavyosikiliza chaneli 16, ile ya dharura, ila mawimbi yake yanakwenda kwa mstari ulionyooka. Ukiwa umekaa chini kwenye boti ndogo hufiki mbali, na mitumbwi mingi ya wavuvi haina redio ya kukujibu. Masafa yapo chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ulizia kibali kabla hujatoa hela. Kuna pia vile vifaa vya kisasa vya kuzima injini bila waya nahodha akidondoka. Nimevitazama nikaviacha, kwa sababu injini yangu ilikuja na ile kamba nyekundu ya kujikunja ya kufunga mkononi au mguuni, ambayo inafanya kazi hiyo hiyo bila betri. Kila mwalo utaziona zimefungwa kabisa kwenye swichi, nahodha akiwa huru. Ukidondoka hapo boti inaendelea na safari yake bila wewe, au inazunguka na kukurudia na propela.

Taa ya jaketi ndiyo iliyoniudhi. Picha ya tangazo ilikuwa nayo, boksi halikuwa nayo. Kwa safari za mchana si kitu, ila mvua kubwa za ziwani hupenda kuja usiku na alfajiri: nchi kavu imepoa, maji bado ya moto, pepo za pande zote zinakutana katikati ya ziwa na kupandisha mawingu. Hiyo ndiyo saa tunayotoka Kayenze. Filimbi ipo, vipande vya kuakisi mwanga vipo, lakini hivyo vinataka kuwe na mtu karibu wa kusikia au kumulika. Nimeshapata taa ndogo inayojiwasha ikiguswa na maji, nimeifunga kwenye mrija.

Vipuri ndilo tatizo ambalo sijalimaliza. Mpaka naandika sijapata duka Mwanza linaloweka vimtungi vya gramu 33. Mashirika ya ndege huruhusu vichache vya jaketi okozi kwa idhini yao, lakini ukimtuma mtu bila kuulizia kwanza, vitabaki uwanjani. Vidonge vimeshapata mtu wa kuvileta kutoka Dar mwisho wa mwezi, vinaingia mfukoni. Vimtungi viwili vya akiba ninavyovitaka itabidi vije na basi.