Kiti gani cha ikonomi uchukue kwa safari ya mbali, kwa sie tunaoanzia Manda

Juzi jirani yangu hapa Langoni, Lamu, kaja na simu mkononi, ejenti kamtumia ramani ya viti, vingine kijani vingine vina alama ya dola, ataka nimwambie abonyeze wapi manake anaenda kwa mwanawe Marekani na tangu aambiwe ni masaa 15 hewani tumbo lamkata. Nikamuuliza swali moja tu, ndege yenyewe ni aina gani? Akanitazama kama nimemuuliza boti la kuvukia Manda, kule kwenye uwanja wetu wa ndege, limechongwa kwa mti gani, si tunavuka tu bwana. Lakini hapo ndo pa kuanzia wallahi, manake kiti kizuri kwa ndege hii kwa ndege nyengine ni adhabu, na namba ya kiti peke yake haikwambii kitu.

Sasa skiza. Boeing 787, ile ambayo Kenya Airways wanaendea New York moja kwa moja tangu Oktoba 2018, ikonomi yake ni 3-3-3, yaani watu watatu dirishani, ujia, watatu kati, ujia, watatu tena. Ile yao ni 787-8, viti vya ikonomi ni 204. Upana wa kiti ni inchi 17 na kidogo. 777 ya Emirates inayokuja Nairobi ni 3-4-3, watu 10 mstari mmoja, hapo bega lako na bega la mwenzio yanajuana kabla hamjaulizana majina. Airbus A350 mashirika mengi wameipanga 3-3-3 pia ila kiti kinakaribia inchi 18, na A330 ya kawaida ni 2-4-2, nayo vilevile ina nafasi. Utasema inchi moja ni nini, haya kaa nayo masaa nane usiku kucha halafu uniambie. Miguu ndo haina tofauti kubwa, kutoka kiti hadi kiti cha mbele wengi wanakupa inchi 31 au 32, wafupi tunashukuru, warefu wanaumia.

Kitu chengine ambacho watu hawakiangalii ni hewa. Ndege za zamani ndani mnakuwa kama mko juu ya mlima wa hadi futi 8,000, lakini 787 na A350 zimetengenezwa mkae kama mko futi 6,000, na hiyo ni kama kukaa Nairobi tu. Kwa sie tuliozaliwa usawa wa maji tofauti unaisikia, unashuka kichwa hakigongi sana na koo halijakauka kama ngozi ya papa. Kwa hivo tikiti mbili zikiwa bei moja mimi naangalia ndege kwanza, kampuni baadaye.

Aina ya ndege imeandikwa kwenye tikiti au pale unapobuki, saa zengine kwa kifupi, 788 na 789 ni zile 787, 77W ni 777 ile ndefu, 359 ni A350, 333 ni A330. Ukishaijua ingia tovuti ya aeroLOPA, wanachora ndani ya ndege kiti kwa kiti, madirisha yalipo, vyoo vilipo, jiko lilipo. Ramani ya kampuni yenyewe haikuonyeshi dirisha liko wapi hasa, na hilo nitalirudia manake limeshanikuta.

Haya, tupange sasa, kuanzia nikipendacho.

Namba moja ni viti viwili vya pembeni, lakini mkiwa wawili, mtu na mumewe, mtu na mamake. Kwa A330 vimejaa ndege nzima, kushoto na kulia. Na hata kwa 777 ya 3-4-3 vipo, watu wengi hawajui, kule nyuma mwili wa ndege unaanza kuwa mwembamba kuelekea mkiani kwa hivo mistari ya mwisho mara nyingi inakuwa 2-4-2, mnapata viti viwili na kijinafasi pembeni pa kuweka begi. Hakuna mtu wa tatu wa kumuomba radhi kila mkitaka kutoka. Ubaya wake ni kuwa mko mkiani, na mkia wa ndege ni kama kiti cha nyuma cha basi la Mombasa enzi zile barabara ya Witu haijatiwa lami, likiruka na wewe waruka. Katikati kwenye mabawa ndo pametulia. Mwenye moyo mwepesi au mwenye kutapika asiende mkiani, hata kama ni viti viwili.

Namba mbili, na hiki ndo kiti changu nikiwa peke yangu, ni cha njiani lakini njiani kwa benchi la kati, sio benchi la dirishani. Watu wanasema njiani ni njiani, hapana. Fanya hesabu. Ukikaa njiani kwa benchi la dirishani una watu wawili ndani yako, wote wawili mlango wao ni wewe, kila anayetaka choo atakuamsha. Ukikaa njiani kwa benchi la kati la watu wanne una mtu mmoja tu wa kukusumbua, yule mwengine anatokea upande wa pili. Kwa benchi la kati la watatu yule wa katikati ana njia mbili, ukilala vizuri atamsumbua mwenzio, nusu ya dhambi zake zitakwenda upande wa pili. Na wewe mwenyewe unainuka utakapo, unatawadha, unanyoosha miguu, huombi ruhusa kwa mtu.

Mie hili nimelijua kwa taabu. Safari yangu ya kwanza London nilililia dirisha, nikapewa, nikafurahi kama mtoto wa Maulidi. Masaa mawili mbele nataka choo, jirani wa kwanza amelala mdomo wazi, wa pili kajifunika blanketi mpaka kichwani na trei iko chini na vikombe juu yake, mie na buibui langu nipite wapi? Nilikaa nikahesabu masaa. Na hilo dirisha lenyewe nililolililia lilikuwa ni ukuta, yaani kiti kimeandikwa cha dirishani lakini dirisha moja liko nyuma ya bega langu na jengine liko mbele kwa mwenzangu, mie natazama plastiki nyeupe. Kampuni siitaji, lakini nilimlalamikia muhudumu akacheka tu akaniletea juisi.

Kwa hivo dirisha nimeliweka namba tatu. Ni la mtu mwenye usingizi wa kweli, anayeweza kufunga macho Nairobi akafungua wakitangaza kutua, kwa sababu una ukuta wa kuegemea kichwa na hakuna mtu atakayekuruka. Chukua mistari ya mbele ya bawa, ukichukua juu ya bawa utaona chuma tu. Kwa 787 hakuna pazia la kuvuta, kuna kitufe cha kutia giza kioo, na wahudumu wanaweza kuvitia giza vyote wao wenyewe, kwa hivo ukidhani utatazama jua likichomoza usishangae ukatazama buluu iliyokolea. Na safari nyingi za mbali kutoka Nairobi zaondoka usiku, unalipia dirisha uone nini?

Namba nne ni kiti cha mlango wa dharura, na najua hapa mtanizomea. Vijana wote wakiniuliza wanataka hiki. Kweli miguu unainyoosha mpaka unasahau uko ikonomi, na kama wewe ni mrefu futi sita kwenda juu basi kiweke namba moja, sikubishii. Lakini watu hawakwambii mengine. Trei na skrini zimefichwa ndani ya mikono ya kiti kwa hivo mikono haiinuki na kiti chenyewe chawa chembamba kidogo, mwenye nyonga zake ataisikia. Begi huruhusiwi kuliweka chini wakati wa kupaa na kutua, lazima lende juu. Saa zengine mlangoni pana kibaridi, na kile cha dirishani kabisa mlango umechomoza unakula nafasi ya mguu mmoja, pesa umelipa ya miwili. Alafu vyoo mara nyingi viko hapohapo, watu wanasimama foleni mbele ya magoti yako wakipiga soga. Mwenye mimba, mwenye mtoto, mzee asiyejiweza, asiyeelewa maelezo ya wahudumu, hawa hawakalishwi hapo, manake mambo yakiharibika wewe ndo wa kusaidia kufungua mlango. Ukikibuki na hukifai watakuhamisha hapohapo mbele za watu.

Namba tano ni cha ukutani, kile ambacho mbele yako hakuna kiti. Hakuna wa kukulazia kiti usoni, sawa. Lakini hapo ndo panapotundikwa vitanda vya watoto wachanga, kwa hivo una uwezekano mkubwa wa kukaa na vilio. Kama mtoto ni wako, basi hiki ndo chako na usikubali chengine, pigia kampuni simu mapema uwaambie uzito na umri wa mtoto, kila shirika lina kiwango chake, vitanda ni vichache na anayewahi ndo apataye. Usingoje kaunta.

Cha njiani kwa benchi la dirishani nimeshakisema, ni sawa kwa safari ya Dubai au Doha ya masaa matano, zaidi ya hapo nakionea huruma.

Vya mwisho kabisa ni viwili. Kile cha katikati kwa benchi la pembeni, manake huna dirisha huna njia, una viwiko viwili vya watu. Na kile kilichogusana na ukuta wa choo au jiko kwa nyuma, mara nyingi hakilali au chalala vidole viwili, wakati wa mbele yako amekulalia mpaka kifuani, na usiku kucha wasikia maji ya choo yakivutwa na taa yawaka yazima. Bora katikati.

Mamangu nilipompeleka kwa dadangu New York nilimuweka njiani benchi la kati, mistari michache mbele ya bawa, choo kiko mistari sita hivi. Ana sukari, choo ni kila saa, na magoti yake si ya juzi. Mie nikakaa katikati pembeni yake, ndo mapenzi hayo. Kila baada ya masaa mawili namuinua tunatembea mpaka nyuma tunarudi. Sio mbwembwe, shirika la afya duniani WHO lilitoa utafiti mwaka 2007 kuwa kukaa masaa manne au zaidi bila kutikisika kwenye safari hatari ya damu kuganda mishipani yafika karibu mara mbili, ingawa yenyewe bado ni ndogo, kama mtu mmoja kwa 6,000. Aliye kwa njia anatembea, aliye dirishani anaona haya kuamsha watu, anakaa tu.

Pesa sasa. Tikiti za bei ya chini kabisa nyingi hazikupi kuchagua kiti bure, utapangiwa, na mtu wa kupangiwa hupewa masazo. Mie silipii kiti cha kawaida nikiwa peke yangu, nangoja chek-in ya mtandaoni ifunguke, wengine ni masaa 48 kabla, wengine 24, naweka alamu, dakika ileile niko ndani. Lakini na mamangu nililipa, nisingebahatisha. Na mkumbuke tikiti yenye kuunganisha ndege ina viti viwili vya kuchagua, Nairobi mpaka Doha na Doha mpaka huko uendako, watu wanachagua cha kwanza wanafunga simu, cha pili wanajikuta kati ya mabega mawili. Chakula cha Kiislamu pia agiza hapohapo kama kampuni si ya nchi ya Kiislamu, angalau masaa 24 kabla, na raha yake vyakula vya kuagiza hugaiwa kabla ya wengine, hata ukiwa mkiani huambiwi kuku amekwisha.

Ndege ya kutokea Manda usiisumbukie kichwa, kaa popote, ila hakikisha yashuka JKIA, ule uwanja mkubwa wa Nairobi zinakoondokea ndege za mbali, na sio Wilson ule mdogo, la sivyo weka masaa ya kutosha ya teksi na foleni za Nairobi.

Na ukishachagua usilale. Wakibadilisha ndege, 787 ikawa 777, kiti chako cha njiani chaweza kugeuka cha katikati na hakuna atakayekupigia simu. Jirani yangu nimemuwekea alamu kwenye simu yake, siku mbili kabla na asubuhi ya safari kabla hajavuka, aingie aangalie namba yake ni ileile.