Lenzi ya kupigia picha chozi hapo uani kwako: ipi ununue, ipi uiache

Wadau wa picha, maua yakianza tu kuchanua naulizwa swali lile lile, nina chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya maua, wanakuja hapo nyumbani nataka kuwapiga picha ninunue lenzi gani, na kabla sijajibu mtu keshaambiwa na wenzake kwamba bila lenzi ya 600mm asijisumbue. Mimi nakataa kabisa. Sio kwamba 600mm ni mbaya, ila kwa chozi wa uani namba ya kwanza kuangalia sio zile milimita za kuvuta mbali zilizoandikwa kwa maandishi makubwa, ni ile namba ndogo ya umbali wa fokasi, yaani lenzi inaweza kumshika ndege akiwa karibu kiasi gani, na hiyo wauzaji wengi hawaitaji na wanunuzi wengi hawaiulizi.

Tupige hesabu kidogo. Chozi wengi wanaokuja majumbani ni wadogo sana, wale wa tumbo la njano unaowakuta Arusha, Moshi mpaka Nairobi wana kama sentimita 10 hivi na mdomo wake, yule wa kidari chekundu anafika kama 15, na dume la rangi ya shaba lenye mkia mrefu linapita 20 ila mkia ndio unaomrefusha. Sasa chukua Canon yoyote yenye sensa ya APS-C, yaani ile sensa ndogo, hizi 600D, 700D, 750D, 80D ambazo ndio wengi tunazo, sensa yake ina upana wa kama milimita 22, ukiweka 250mm ukakaa mita 2 kutoka kwenye ua, fremu inabeba upana wa kama sentimita 18, kwa hiyo chozi wako wa sentimita 10 anachukua zaidi ya nusu ya picha. Halafu chukua lenzi ya 400mm isiyofokasi chini ya mita 3 na nusu, na ipo, ni Canon EF 400mm f/5.6L, ukienda nayo karibu kabisa inavyoruhusu fremu inabeba sentimita 19 na ushee. Umeona? Lenzi ya 250mm ya bei ndogo imempata ndege mkubwa kuliko lenzi ya pete nyekundu, zile za bei kubwa za Canon.

Mtu atasema mita 2 chozi si atakimbia. Hakimbii ukitulia. Chozi dume ana eneo lake, analilinda, anafukuza wenzake siku nzima halafu anarudi kwenye kijiti kile kile, na pia sio kama kolibri wa Amerika ambao wanaelea hewani mbele ya ua mpaka wapiga picha wa kule wanapanga flashi nne tano kugandisha mabawa. Chozi wetu mara nyingi anatua. Anashika shina la mshubiri kwa vidole, anainamisha kichwa chini, anatia mdomo ndani ya ua moja baada ya jingine, na ukimwangalia vizuri kwenye paji la uso utaona ule unga wa njano wa maua umemganda. Kwa hiyo zile video za Wamarekani za flashi nyingi hazikuhusu sana. Wewe kaa nyuma ya pazia, dirisha wazi, subiri. Ila toa wavu wa mbu kwanza jamani, wavu unaua fokasi na unafanya picha nzima iwe kama ina ukungu, na nondo za dirisha pitisha lenzi katikati yake.

Haya tupange sasa, naanza na ile ninayoona inafaa watu wengi zaidi, sio ile ya gharama zaidi.

Namba moja ni Canon EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM. Ilitoka 2013, uzito gramu 375 tu, inafokasi mpaka sentimita 85, ina kitulizaji cha mtikisiko, na ukiitafuta iliyotumika bei yake iko chini sana kwa kazi inayofanya. Ukiwa karibu kabisa kwenye 250mm fremu inabeba chini ya sentimita 8, yaani chozi mzima haingii, unapata kichwa na kidari, na picha ni kali hata ukiwa umefungua lenzi yote. Injini yake ni kimya, hii muhimu kuliko watu wanavyodhani maana ukiwa mita moja na nusu na ndege kila mlio anausikia. Ila hapa macho wazi: zipo tatu zinazofanana jina. Ile ya 2007 imeandikwa IS peke yake, ile ya 2011 imeandikwa IS II, na hizo mbili zina injini ya zamani yenye kelele na hazishuki chini ya mita 1.1. Unayotaka ina herufi STM mbele pale kwenye mdomo wa lenzi. Muuzaji akikwambia ni ile ile tu, siyo ile ile, mwambie akutumie picha ya mbele.

Namba mbili ni Canon RF 100-400mm f/5.6-8 IS USM ya 2021, na kwa mwenye kamera za mirolesi (zisizo na kioo ndani) za Canon, R50, R10, R7 na kuendelea, hii inapanda inakuwa namba moja bila ubishi. Gramu 635 kwa lenzi ya 400mm, unaishika mkono mmoja huku chai mkono mwingine, na inafokasi kwenye kama mita moja. Ukiwa karibu kabisa kwenye 400mm na hiyo sensa ndogo, fremu inabeba sentimita 5 na nusu hivi, hapo unahesabu manyoya ya koo. Ilipotoka iliuzwa dola 649 Marekani, kwa huku ongezea usafiri na ushuru. Ubaya wake ni mwanga, f/8 kwenye 400mm ni ndogo, chini ya mwembe saa kumi na mbili jioni utapandisha ISO (jinsi kamera inavyohisi mwanga) mpaka uchoke, kwa hiyo ni lenzi ya asubuhi yenye jua. Na tafadhali, lenzi ya RF haiingii kwenye 700D wala 80D, hakuna adapta ya kurudi nyuma. Kinyume chake inawezekana, EF inaingia kwenye R kwa adapta, ndio maana ile 55-250 ukiinunua leo ukabadili bodi, yaani kamera yenyewe, kesho bado unayo.

Namba tatu, watu wa Nikon: AF-P DX 70-300mm f/4.5-6.3G ED VR ya 2016. Nyepesi, kali, fokasi haraka na kimya, inashuka mpaka mita 1.1 na hapo fremu inabeba kama sentimita 11, chozi mdogo anajaa. Ningeiweka sawa na namba moja kama isingekuwa na mambo mawili ya kuumiza kichwa. La kwanza, hizi AF-P hazifokasi kabisa kwenye bodi za zamani, D90, D3100, D5100, D7000, unafunga lenzi na haifanyi kitu hata kwa mkono. Kuanzia D3300 na D5300 uko salama, ila hakikisha programu ya ndani ya kamera ni ya karibuni. La pili, kuna pacha wake asiye na VR (kitulizaji cha Nikon), sura moja, na huyo ndiye aliyewekwa sana kwenye zile seti za kamera na lenzi mbili. Soma mpaka mwisho wa jina, kama VR haipo muache, labda kama una stendi nzuri na huna mpango wa kushika kamera mkononi.

Namba nne ndio lenzi bora kuliko zote hapa, Canon EF 100-400mm f/4.5-5.6L IS II ya 2014. Sasa kwa nini ni ya nne? Bei. Ilitoka kwa dola 2,199 na hata iliyotumika bado ni hela ya kununulia pikipiki. Lakini kama unayo hela, au picha zinakulipa, usiangalie kingine: inafokasi mpaka sentimita 98, rangi, ukali, kila kitu, na kesho ukienda Manyara au Nakuru ndio hiyo hiyo. Kilo moja na nusu na kidogo. Ile ya kwanza ya 1998, ya kusukuma na kuvuta, inashuka mpaka mita 1.8, bado inafaa ukipata safi ila hakikisha kitulizaji kinafanya kazi.

Namba tano naziweka pamoja 150-600mm za Sigma na Tamron. Sigma Contemporary inataka mita 2.8, Tamron ya kwanza mita 2.7, Tamron G2 ya 2016 mita 2.2, zote karibu kilo 2. Hizi ni za mtu mwenye kiwanja kikubwa, mti wa mkakaya au mbamba ngoma uko mwisho wa shamba na chozi wako juu. Hapo 250mm haifiki, sikatai. Ila kwenye uga wa nyumba za mjini utajikuta unarudi nyuma mpaka unagusa ukuta wa jirani ndio ifokasi, na baada ya nusu saa bila monopodi (stendi ya mguu mmoja) mikono inatetemeka. Ukiamua, chukua G2 kwa sababu ya zile sentimita 50 hadi 60 za karibu zaidi.

Namba sita, kamera za zumu refu zisizobadilishwa lenzi, Nikon P900, P950, P1000. Watu wanazipenda kwa ajili ya mwezi. Kwa chozi zinafaa kwa aina moja ya mtu, anayekaa ghorofani na ndege wako mbali, maana P1000 ukivuta zumu mpaka mwisho inataka umbali wa kama mita 7 na P900 kama mita 5, ndege akisogea karibu inabidi urudishe zumu wakati yeye keshaondoka. Sensa ni ndogo sana na P1000 mwisho wa zumu ni f/8, kwa hiyo kivulini picha inajaa chenga.

Ya mwisho kabisa ni Canon EF 75-300mm f/4-5.6 III. Imejaa kila duka, Kariakoo utaipata dakika mbili, na inashawishi kwa sababu 300 ni kubwa kuliko 250. Haina kitulizaji, fokasi inasitasita, na ukifika 300mm picha inalegea na pembeni ya manyoya unaona zambarau. Bei yake ongezea kidogo tu unapata namba moja.

Kuna njia isiyohitaji kununua na nawaomba mjaribu kwanza. Lenzi yako ya 18-55 iliyokuja na kamera inafokasi mpaka sentimita 25. Weka kamera kwenye stendi sentimita 40 kutoka kwenye ua analolipenda, zumu 55mm, fokasi ya mkono kwenye ua, unganisha na simu kwa WiFi kama kamera yako inayo (600D na 700D hazina), kaa sebuleni. Fremu inabeba kama sentimita 16. Siku ya kwanza atakuwa na wasiwasi na kile kitu cheusi, akishazoea anaendelea na shughuli zake. Lakini jamani maua tu, sio kiota. Kile kifuko kinachoning'inia kilichoshonwa kwa utando wa buibui msikisogelee na kamera, wazazi wanaweza kukitelekeza na picha haina thamani hiyo.

Ukienda kununua iliyotumika, nenda na bodi yako na kadi yako. Washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi uchungulie upande wa pili: vumbi kidogo sio tatizo, ila ukiona nyuzi nyuzi kama mizizi au utando, hiyo ni fangasi, rudisha, na kwa lenzi zilizokaa Dar, Tanga, Unguja, Mombasa kagua mara mbili kwa sababu ya unyevu. Halafu vuta zumu mpaka mwisho, piga maandishi madogo ya boksi ukiwa kwenye umbali wa karibu kabisa, kuza picha uone. Sikiliza kitulizaji. Angalia zile pini za shaba nyuma kama zina kutu.

Na jambo ambalo lenzi yoyote haiwezi kukufanyia: ule mng'ao wa chozi hautokani na rangi peke yake, unatokana na umbile la manyoya linavyorudisha mwanga, kwa hiyo jua likiwa nyuma ya ndege dume anaonekana mweusi tii hata ukiwa na lenzi ya milioni 6. Jua liwe mgongoni kwako, asubuhi kabla ya saa nne, shata 1/1000 kwenda juu.

Hela ikibaki usinunue filta, nenda kitalu cha miche ununue mshubiri wa maua mekundu au machungwa na ule mti wa brashi ya chupa, panda upande ambao jua la asubuhi linapiga na dirisha lako linaona. Chupa ya maji ya sukari nayo inawaita, sukari sehemu 1 maji sehemu 4, bila rangi na bila asali, unaosha na kubadilisha kila baada ya siku 2 kwenye joto, ila itawaita na nyuki pamoja na sisimizi, kwa hiyo itundike mbali kidogo na pale unapokaa.