Walituuzia Ansible, wakaja kufanya kazi kwa mkono

Nilikuwa nimenyamaza tangu msimu wa watalii uanze, lakini juzi kampuni inayotutunzia seva imenijibu vile vile tena, basi na niseme.

Mie nasimamia mifumo ya nyumba mbili za wageni, moja Mji Mkongwe, moja Paje. Seva tumeikabidhi kampuni moja ya hapa hapa Unguja, sitoitaja. Walipokuja kujinadi walinifurahisha: mipangilio yote ya seva itaandikwa kwenye mafaili, mafaili yatakaa Git, inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko, na Ansible, programu ya kuipanga seva kama mafaili yanavyosema, itayapeleka kwenye seva, na hakuna atakayegusa kitu kwa mkono. Kila badiliko litakuwa na jina la aliyelifanya na sababu yake. Fundi tuliyekuwa naye kabla yao kila kitu alikiweka kichwani. Alipoondoka akaondoka nacho.

Sasa sikilizeni. Kwenye faili lao saa ya seva iliandikwa UTC, saa ya kimataifa, si ya kwetu. Wapokezi wakalalamika saa iko nyuma kwa masaa matatu. Fundi wao akaingia kwenye seva, akabadilisha kwa mkono ikawa Africa/Dar_es_Salaam, akatoka. Faili hata hakulifungua! Mambo yakatulia. Halafu wakaja kuendesha Ansible kwa shughuli nyengine kabisa, masasisho ya usalama, wakaiwasha seva upya. Ansible ikatazama faili, ikatazama seva, ikaona haviendani, ikairudisha UTC. Imefanya ilichoambiwa.

Mfumo wetu hufunga hesabu za siku saa tisa usiku, wageni wamelala. Kwa saa ya UTC, kazi hiyo ikaanza saa kumi na mbili asubuhi, na ikianza hakuna kutoa bili. Watu wanakimbilia boti ya asubuhi ya Dar, mabegi mlangoni, teksi inapiga honi, na kijana wa mapokezi anawaonyesha skrini iliyoandikwa hesabu zinafungwa. Mmoja alitupa funguo juu ya meza akaondoka bila kulipa vinywaji vyake. Simlaumu.

Nikapiga simu. Najibiwa: “Dada, haya mambo ya kitaalamu. Nyinyi angalieni wageni, seva tuachieni sie.”

Nikamwambia, kaka, nisomee komiti ya mwisho ya faili la saa, yaani badiliko la mwisho lililoandikwa Git. Kimya. Kisha ati yuko njiani, mtandao haushiki. Komiti yenyewe ilikuwa ya siku waliyoanza kazi, nilikuwa nayo mbele ya macho. Wangeendesha Ansible kwanza na --check na --diff, yaani kwa majaribio, ikaonyesha kitakachobadilika bila kukibadilisha, ule mstari wa saa ungejitokeza kabla seva haijaguswa. Na elimu hii haikushuka jana: Ansible ipo tangu 2012, na Mark Burgess alianza CFEngine, programu ya kazi kama hiyo hiyo, 1993. Hawa wamejifunza jina tu.

Lakini haki yao niwape. Seva ya Paje ilipoungua kwa umeme, waliinyanyua nyengine siku ile ile kwa mafaili yale yale, bila ya kuniuliza hata nenosiri moja, maana yalikuwa yamefichwa vizuri ndani ya Ansible Vault, kasha la siri la Ansible. Siku ile ningewapa nyota tano. Ndio maana nilikaa hapa nikiwa na nia ya kuwapa tatu.

Kisha nimekwenda kuitazama ile ya Paje nikiwa naandika haya. UTC! Hadi leo! Hakuna aliyegundua kwa sababu ile inaweka nakala za akiba tu. Na lile faili bado halijarekebishwa, baada ya maneno yote yale, juzi nilipouliza nikaambiwa “tunalifanyia kazi, dada.” Mstari mmoja, jamani.

Nyota moja. Ansible yenyewe nampendekezea yeyote. Mkataba wetu nao umebaki kidogo, kwa hiyo mwenye kumjua fundi wa Unguja ambaye hubadilisha faili kwanza ndipo aguse seva, anielekeze.