Tathmini ya Pillow katika kugeuza picha kuwa michoro ya herufi

Anayetaka kuandika kwa lugha ya Python programu ya kugeuza picha kuwa mchoro wa herufi, yaani picha inayoundwa kwa alama za kibodi badala ya rangi, hana haja ya kuanza kwa kuchambua mwenyewe undani wa faili za JPEG, kwa maana Pillow, maktaba ya amri za picha iliyotokana mwaka 2010 na maktaba ya awali ya PIL (Python Imaging Library) ya Fredrik Lundh, huifanya kazi hiyo vizuri tena bila malipo. Nimeitumia kuwafundishia wanafunzi wa kompyuta hapa Kampala, na ninaipendekeza kwa moyo wote, hasa kwa sababu humwachia mwanafunzi maamuzi yanayostahili kufikiriwa.

Sifa yake kubwa imo katika amri ya convert. Ikipewa "L", yaani picha ya kijivu, amri hiyo hukadiria mwangaza wa kila pikseli (nukta ya picha), kutoka 0 hadi 255, kwa uzani wa 0.299 kwa nyekundu, 0.587 kwa kijani na 0.114 kwa buluu, kwa kuwa jicho la binadamu huhisi kijani zaidi ya rangi nyingine. Bendera ya Uganda inafaa sana kulionyesha jambo hili: nyeusi hubaki 0, nyekundu kamili hupata 76, na manjano kamili hupanda hadi 226, hivyo kwa ngazi ya alama kumi tu, kuanzia nafasi tupu kwa giza hadi @ kwa mwangaza mkubwa, milia yote sita hutengana waziwazi kwenye skrini nyeusi. Korongo aliye katikati ndiye anayepata taabu, kwani katika upana wa herufi 80 manyoya membamba ya taji lake humezwa na duara jeupe. Ukimkata peke yake kwa crop kabla ya kupunguza ukubwa, taji hurudi, na wanafunzi hufurahi kweli.

Yako mambo ambayo Pillow haikufanyii. Haijui kwamba herufi za skrini ni ndefu kuliko upana wake, takriban mara mbili, kwa hiyo usipopunguza kimo kwa nusu unapoita resize, kila uso utatoka umevutwa kwenda juu. Picha za simu nazo huweza kutokea zimelala ubavu mpaka uite exif_transpose iliyomo katika ImageOps. Laiti mafunzo ya mwanzo yangelitaja hilo mapema, maana anayeanza hawezi kutafuta kitu asichojua kwamba kipo. Picha za PNG zenye sehemu angavu, yaani zinazoonyesha kilicho nyuma yake, zibandikwe kwanza juu ya rangi unayoitaka, kwa kuwa "L" hutupa taarifa ya uangavu na mara nyingi sehemu hizo huwa nyeusi.

Kwa shule ambazo bando la intaneti ni ghali, faili ya Pillow ni ya megabaiti chache, nayo hupakuliwa mara moja kwa pip download (pip ni programu ya kusakinisha maktaba za Python) kisha ikasambazwa kwa flashi. Hakikisha tu kwamba inalingana na mfumo wa kompyuta za darasa na toleo lake la Python, la sivyo pip itakataa kuisakinisha.