Meneja alinipa kisogo: wiki ya Orlando niliyoinunua na kuirudisha

Nimekuja kuwapa nyota wauzaji wa taimushea wa Orlando, Florida, wale wanaokuuzia wiki ya kulala kwenye nyumba ya likizo, na nianze na kiti, maana hasira zangu zote ziko pale. Kilikuwa kiti cheusi cha ofisini, vile vinavyozunguka. Meneja alikivuta kutoka meza ya jirani, akakisukumiza kati yangu na mume wangu, akakaa, kisha akakizungusha mpaka magoti yake yakatazamana na ya Baba Zai. Mimi nikabaki na kisogo. Nywele zimenyolewa vizuri, shingo nyekundu kwa jua la Florida. Nimekitazama kisogo kile karibu nusu saa, hata leo nikipewa karatasi na kalamu nakichora.

Na kadi iliyolipa ilikuwa yangu.

Tunaishi Maryland, tulishuka kwa gari na watoto watatu wakati wa likizo ya shule, safari ya mchana na usiku kwenye barabara kuu ya I-95. Pale mapokezi ya hoteli kuna kimeza pembeni, dada mmoja anatabasamu kama mnafahamiana. Mnataka tiketi za Disney kwa bei ya chini? Njooni kesho asubuhi mnywe chai, mtazame nyumba, dakika 90 tu, mmekwisha. Amana ya dola 40, mkifika mnarudishiwa. Sharti moja: lazima waje mke na mume pamoja. Alilirudia mara tatu. Mmoja akikosa, hakuna tiketi.

Shikeni hapo. Walinilazimisha niwepo.

Kwa asiyejua biashara hii ya taimushea: hununui nyumba. Unanunua haki ya kulala kwenye nyumba wiki moja kwa mwaka, siku hizi wanaiita pointi ili hesabu ikupotee vizuri. Unalipa bei, halafu kila mwaka unalipa ada ya matengenezo, uende usiende. Orlando ndiko kwenye kitovu chake, ukiendesha gari kuelekea Kissimmee unayapita majengo haya moja baada ya jingine.

Haki yao niwape. Chai ilikuwa nzuri. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu, akauliza tunalala wapi tukisafiri, tunalipa kiasi gani, akaandika kwenye karatasi, akazidisha kwa miaka 20, akatuonyesha jinsi tunavyozitupa pesa. Kisha akatupeleka kuiona nyumba. Jamani. Vyumba viwili, jiko kamili lenye masufuria, mashine ya kufulia, kibaraza kinachotazama bwawa. Nilikuwa nimepika wali kwenye maikrowevu siku nne mfululizo. Nilifungua kabati la jiko lile nikanyamaza. Baba Zai alinitazama, na mimi nilijua amenitazama.

Kwa hiyo asije mtu akasema nilikwenda na roho mbaya. Niliitaka.

Tuliporudi ukumbini ndipo dakika 90 zilipoanza kunyumbuka kama ubani wa kutafuna. Meza nyingi, kila meza ina familia yake, na kila mtu akinunua wanapiga kengele, ukumbi mzima unapiga makofi. Bei ya kwanza dola 38,000. Tukacheka. Ikashuka 27,000. Tukasema hapana, asante. Ndipo akaletwa meneja na kiti chake, na 19,900, bei ya leo tu, mkitoka mlango ule haipo tena.

Mimi nikauliza swali moja. Ada ya matengenezo ni dola 1,100 kwa mwaka, sawa. Inapanda kiasi gani? Nilichunga lugha yangu na nikauliza kwa upole, maana nafanya kazi ya kuhudumia wazee zamu ya usiku na najua kuzungumza na watu wagumu. Meneja hakugeuka. Akamwambia mume wangu: "Hilo tutamweleza mkeo baadaye." Halafu akainama, akashusha sauti kama wanaume wawili walio barazani: "Nyumbani kwenu, bwana, nani anaamua?"

Na Baba Zai akacheka.

Kicheko chenyewe ni kile cha aibu, namjua, nimeishi naye miaka. Lakini alicheka. Kuanzia hapo alivishwa kilemba cha ukoka akakaa nacho vizuri kichwani: baba mwenye kuona mbali, baba atakayewaachia watoto urithi. Urithi! Anachorithi mtoto ni wiki pamoja na ada yake, hilo hakulisema.

Mtaniuliza kwa nini nilisaini. Nimejiuliza pia. Ilikuwa saa ya tano tangu tukae. Mdogo wetu alikuwa chumba cha michezo analia njaa, namsikia. Na nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hufanya mambo ili yaishe. Nikatoa kadi, dola 1,990 za kuanzia, iliyobaki mkopo wa miaka 10 kwa riba ya asilimia 17.9, dola 321 kila mwezi. Kengele ikalia. Watu nisiowajua wakanipigia makofi. Meneja akamshika mume wangu mkono, mimi akanipungia.

Usiku mvua ya Orlando ikanyesha, wote wamelala, nikaingia bafuni na lile begi la makaratasi, nikakaa juu ya kifuniko cha choo. Hesabu kwanza: 321 mara 120, ukiongeza ile ya kuanzia, inapita dola 40,000, na ada haijaingia. Halafu nikasoma ukurasa niliosaini mwisho. Juu ya sahihi yangu, juu yake kabisa, kwa herufi nzito: mnunuzi anaweza kufuta mkataba huu ndani ya siku 10 bila adhabu yoyote. Ni sheria ya jimbo la Florida, na siku 10 zinahesabiwa tangu ulipotia sahihi au ulipopokea karatasi ya mwisho, tarehe itakayochelewa zaidi kati ya hizo mbili. Na hata wakikusainisha kwamba umeiacha haki hiyo, sahihi hiyo haina nguvu. Ilikuwa pale muda wote. Kidole cha yule mama wa makaratasi kilikuwa kimeifunika akinionyesha pa kusaini. Labda nakuza. Labda kidole kilikuwa kimekaa tu.

Asubuhi tukagombana kwa kunong'ona, watoto wasisikie. Baba Zai alitaka tubaki nayo. Alikuwa na hoja, siwezi kumnyima: kila mwaka tunasema tutasafiri na hatusafiri, ukishalipia utakwenda. Nilikaribia kukubali. Nikampigia dada yangu Tanga, nikamweleza. Akaniuliza, "Hizo wiki 51 nyingine nyumba yenu analala nani?" Nikasema watu wengine. Akasema, "Basi ni gesti."

Kilichommaliza mume wangu ni eBay. Alitafuta mwenyewe kwenye simu, akakuta watu wanauza wiki zao kwa dola 1. Dola moja! Hawauzi ili wapate pesa, wanamtafuta wa kuwatua mzigo wa ada. Alikaa na simu mkononi muda mrefu. Hakusema kitu, akaenda kuwavalisha watoto viatu.

Barua tuliiandika mistari mitatu: majina yetu wote wawili, namba ya mkataba, tunaufuta. Hatukutoa sababu, sheria haidai sababu, na ukiitoa unawapa mahali pa kuanzia mabishano. Tukasaini wote wawili. Tukaipeleka posta kwa rejista, ile yenye kadi ya kijani inayokurudia ikiwa imesainiwa na mpokeaji. Kinachohesabika ni siku ya kutuma, si siku watakapoifungua, kwa hiyo risiti ya posta niliipiga picha, nikamtumia dada yangu, nikajitumia na mimi. Msipige simu kufuta. Simu haihesabiki, inawapa tu nafasi ya kuwaita mrudi mezani.

Walipiga wao. Sauti ya kike, tamu, akisikitika kusikia tulivyojisikia, akataka kutuuzia kifurushi kidogo cha majaribio, dola 3,000 na kidogo. Nikamuuliza lile swali langu, ada inapanda kiasi gani. Akasema hilo tungelijua vizuri tukikutana na meneja. Nikakata simu. Pesa za kadi zilirudi baada ya wiki kadhaa, senti haikupungua, na tiketi za Disney hawakutudai. Hapo walikuwa waungwana, au wanajua sheria.

Sasa nyota. Nilikuja hapa kuwapa nyota moja. Nikikumbuka lile kabati la masufuria natamani kuwapa mbili. Nina shogangu ana wiki yake huko huko, alinunua kwa mtu aliyechoka, karibu bure, anakwenda kila mwaka na wajukuu na hana malalamiko. Kwa hiyo sisemi kitu chenyewe ni wizi. Kwa bei ya mezani, na riba ile, nasema msinunue. Lakini niwe mkweli: kama yule bwana angekizungusha kiti chake kidogo tu, akanijibu hata kwa uongo, huenda nisingeingia bafuni na lile begi usiku ule. Ningelala. Siku 10 zingepita.

Basi nyota moja, kwa ajili ya kisogo.

Juzi imekuja bahasha. Siku tatu Orlando, karibu bure, chai ya asubuhi, dakika 90. Juu imeandikwa jina la mume wangu peke yake. Ameibandika kwenye friji kwa ile sumaku tuliyoinunua Disney, kila nikichukua maziwa naiona. Hajasema kitu, na mimi sijaitoa.