Bei ya mahindi Kibaigwa: takwimu za Granger au jaribio la nasibu?

Mahindi yakipanda bei soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, kila mtu ana sababu yake: mvua, dizeli, walanguzi. Mchumi ana njia mbili za kuamua nani yuko sahihi.

Ya mchumi Clive Granger, ya mwaka 1969, inatazama tu. Kama bei za dizeli za nyuma zinasaidia kubashiri mahindi kuliko historia ya mahindi peke yake, basi dizeli inahesabiwa kuwa chanzo. Ni njia ya bei nafuu, kumbukumbu zikiwepo. Ila jogoo naye huwika kabla ya jua. Mlanguzi anayejaza ghala leo kwa kuhofia ukame ataonekana ndiye aliyeuleta!

Jaribio la nasibu, lililowapa wachumi Banerjee, Duflo na Kremer Nobeli ya mwaka 2019, linaingilia kati: kura inaamua vijiji gani vipate maghala na vipi visubiri, kisha wastani wa bei wa makundi hayo mawili unalinganishwa. Mimi naliamini zaidi. Lakini mwanafalsafa Nancy Cartwright anauliza swali zito: kilichofaa hapa kitafaa kule? Huenda ghala la Kongwa lilisaidia kwa sababu barabara kuu ya Morogoro ipo karibu, na wastani hautakuambia hilo ukilipeleka kijiji cha ndani huko Chemba. Tena mvua haipigiwi kura, wala Serikali haiwezi kuhamia Dodoma mara mbili ili tupime kodi za nyumba.

Kwa maghala, ningechagua jaribio. Kwa dizeli tumebaki na Granger, na kumuuliza dereva wa lori.