Mpango wa Dharura wa Uhifadhi wa Marekani: Mzuri Zaidi kwa Mwenye Akiba

Moto wa nyika ukishapita ranchini, uzio wa seng'enge huonekana kwa mbali kana kwamba bado umesimama. Ukiusogelea ndipo unapoona kwamba nguzo za mbao zimekuwa mkaa hadi shinani, na kwamba waya uliobaki ukining'inia, baada ya kuunguzwa na kuvuliwa zinki yake, umepoteza nguvu na hautachelewa kushika kutu. Hasara ya namna hiyo ni miongoni mwa zile zilizokusudiwa na Mpango wa Dharura wa Uhifadhi, ambao Wizara ya Kilimo ya Marekani huuendesha kupitia Wakala wa Huduma za Mashamba kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1978, na kwa uzio huo ndipo nimeupima.

Mpango huu haulipi ng'ombe waliokufa wala mazao yaliyopotea. Hayo yana mipango yake. Unachangia gharama ya kuirudishia ardhi uwezo wake: kuondoa magogo na vifusi vilivyoletwa na tufani, kusawazisha shamba lililochimbwa na mafuriko, kusimamisha uzio upya na, wakati wa ukame mkali, kuwafikishia mifugo maji. Serikali hubeba hadi asilimia 75 ya gharama, na hadi asilimia 90 kwa wakulima wanaoanza au wenye uwezo mdogo; hadi 2025 kiwango hicho kiliwahusu pia wakulima wa makundi yaliyobaguliwa kwa muda mrefu. Kikomo ni dola 500,000 kwa mtu kwa kila janga, baada ya sheria ya kilimo ya 2018 kukipandisha kutoka dola 200,000. Kwa viwango, sina la kulaumu.

Lawama yangu iko kwenye utaratibu wa kulipa. Kwa kawaida mfugaji hufanya kazi kwanza, hukusanya risiti, kisha ndipo hurejeshewa. Chukulia uzio wa dola 40,000: mchango wa serikali unaweza kufika dola 30,000, lakini ni lazima mtu awe kwanza na dola zote 40,000 mkononi, au benki inayomwamini, katika msimu uleule ambao malisho yake yameungua. Sheria ya 2018 ililiona tatizo hilo na kuruhusu malipo ya awali ya hadi asilimia 25 kwa ajili ya uzio, na baadaye nafuu hiyo ikapanuliwa hadi kazi nyingine. Ni kipengele bora kuliko vyote, ila kina sharti kwamba fedha zitumike ndani ya siku 60. Moto wa Smokehouse Creek wa mwaka 2024, kaskazini mwa Texas, uliteketeza zaidi ya ekari milioni 1. Katika eneo kama hilo, ambako kila ranchi inatafuta nguzo zilezile na mafundi walewale, siku 60 huyeyuka upesi.

Jambo la pili la kuangaliwa ni idhini. Anayeanza ukarabati kabla ya kuwasilisha ombi na kuruhusiwa anaweza kukosa mchango, kwa sababu uharibifu hukaguliwa na athari za kimazingira hupimwa kabla ya kazi. Kwa mtunza fedha za umma, hoja hiyo ina mashiko. Ng'ombe, hata hivyo, hawajui idhini. Uzio wa kando ya barabara kuu ukiwa wazi, watakuwa barabarani kabla ya jua kuchwa.

Nimependa kwamba maombi huamuliwa na kamati za kaunti, ambazo wajumbe wake wengi huchaguliwa na wakulima wenzao, watu wanaoujua uzio mbovu wa zamani na ule ulioharibiwa na janga. Lakini kamati haiwezi kugawa kisichokuwapo, na mpango huu hutegemea zaidi fedha za nyongeza zinazoidhinishwa na Bunge la nchi hiyo baada ya maafa. Hivyo ombi linaweza kuwa limetimiza kila sharti, na bado likasubiri fungu.